Dumu Moja kwa Mwezi

Tangi lilitoka Singida mjini likiwa limeviringishwa kwenye blanketi la mama mkwe, likapandishwa juu ya magunia ya pumba nyuma ya lori, na mume wangu akakaa nalo njia nzima hadi Mtinko, mkono mmoja juu ya kioo kama anayesindikiza mgonjwa. Fundi aliyeliunda kazi yake ni madirisha ya aluminiamu. Miaka yote amezuia maji ya mvua yasiingie ndani. Kuzuia maji yasitoke nje lilikuwa jambo jipya kwake. Nilimpa vipimo: sentimita 60 urefu, 40 upana, 40 kimo, kioo cha milimita 8. Akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la bahari. Akaandika "bahari" kwenye daftari lake la oda, akalitazama lile neno, kisha akasema ataongeza mstari wa pili wa silikoni na hatadai hela yake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa 12 tangu niolewe Mtinko, kwenye nchi ya alizeti, vitunguu na upepo, na binti yangu wa miaka 9 hajaiona bahari kwa macho yake. Siku moja alirudi shule amekunja uso. Mwalimu amesema matumbawe ni wanyama, bibi yake anasema ni mawe. Nani kasema uongo? Nikamwambia hakuna aliyesema uongo. Mnyama mwenyewe ni mdogo na laini, ana mdomo uliozungukwa na vidole vyembamba, na kazi yake ya maisha ni kujijengea kikalio cha chokaa anayoitoa kwenye maji. Akifa, chokaa inabaki, na mwingine anajenga juu yake. Ndiyo mwamba wote huo.

"Mama, wewe umewaona?"

Nilikulia ndani yao. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya mawe ya matumbawe, imekandikwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Walio hai niliwaona siku chache tu za bamvua, maji yakipwa hadi mbali. Na mwaka 1998, nikiwa na umri kama wa binti yangu, mwaka ule wa El Niño ambao maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, baba alirudi kutoka kuvua akasema huko chini ni kama kumemwagwa unga. Tumbawe lina mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake, unaolilisha na kulitia rangi. Joto likizidi, mwani ule unatoka, na tumbawe linabaki jeupe na lenye njaa. Baadhi hupona. Mengi hufa. Sisi watoto tulikuwa tumezoea mlio wa baruti za wavuvi haramu ukitikisa maji, lakini weupe ule haukuwa na mlio wowote, na baba aliuogopa zaidi.

Sikumweleza binti yote hayo usiku ule. Nilimwambia tutaileta bahari hapa, kidogo, aione.

Alizeti ya msimu ule ilituachia ziada, na mume wangu akakubali nitenge shilingi laki sita. Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na nataka kuueleza ubishi ule vizuri kwa sababu kila mwenye mfuko mdogo ataupitia. Yeye alitaka tangi la lita 30. Dogo ni rahisi, alisema, na tukishindwa tunapandia maua. Mimi nilikuwa nimesoma usiku mwingi kwenye simu nikajua kwamba kwa bahari mambo ni kinyume: dogo ndilo gumu. Maji yakikauka, chumvi haiondoki nayo. Lita moja ikipotea kwenye tangi la lita 30, chumvi ya gramu 35 kwa lita inapanda hadi zaidi ya gramu 36. Lita hiyohiyo ikipotea kwenye tangi la lita 80, inapanda kwa chini ya nusu gramu. Na Mtinko kuna upepo wa kiangazi unaokausha khanga kwenye kamba kabla hujamaliza kufua ya pili. Nilimwekea bakuli la maji dirishani usiku, asubuhi nikampelekea aone yalivyopungua. Akaenda kuagiza matofali ya kuchoma, akajenga meza ya tangi ukutani, kwa sababu maji, mawe na kioo vingevuka kilo 100 na hakuna kabati letu ambalo lingestahimili.

Katika kusoma kule nilikutana na mtu wa Jakarta, Indonesia, Lee Chin Eng, ambaye mwaka 1961 aliandika kwenye jarida la Marekani jinsi anavyofuga viumbe wa bahari bila mashine ya kuchuja. Alitumia mawe yaliyo hai kutoka baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, basi. Viumbe waliojaa kwenye yale mawe ndio waliosafisha maji. Nilimpenda sana mtu huyu, kwa kuwa alichokuwa nacho ni macho na subira. Lakini yeye akikosea angeshuka baharini na ndoo. Kati yangu na ndoo hiyo kuna safari ya basi ya siku nzima na zaidi.

Chumvi ya kutengeneza maji ya bahari, ile ya viwandani inayokorogwa na maji safi, ningeipata kwa kuagiza nje ya nchi, na bei yake ingemeza laki zote sita. Mama mkwe, aliyenisikia nikipiga hesabu kwamba lita 80 zinahitaji kilo 2.8, alikuja kesho yake na pakiti tatu za chumvi ya dukani. Alizinunua kwa hela yake ya mayai. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikamwonyesha mahali nilipozihifadhi, kisha nikamweleza. Chumvi ya jikoni ni ya aina moja. Bahari ina ile, lakini ina pia magnesiamu, kalisi, potasiamu na mengine, na kalisi ndiyo tofali la tumbawe. Ukimpa chumvi ya mezani peke yake, umempa kiwanja bila tofali.

"Kumbe wanajenga," alisema mama mkwe. Tangu siku hiyo hakuwaita mawe tena.

Kwa hiyo maji yenyewe yalitoka Tanga. Kaka yangu aliyachota kwenye mashua, mbali na ufuko na mdomo wa mto, akajaza madumu sita ya lita 20, na yakaja kwa mabasi mawili kupitia Dodoma. Nauli ya madumu ilizidi bei ya kioo. Kaka alijitolea pia kuninyofolea kipande cha mwamba hai, na hilo nililikataa kabla hajamaliza kusema. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo biashara yake kati ya nchi na nchi haifanyiki bila kibali, na pale Tanga tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari yenye jina la silikanti, yule samaki wa kale. Lakini hata bila sheria nisingeweza. Mimi ni mtoto wa mtu aliyesimama juu ya mwamba mweupe akanyamaza. Niliomba kifusi. Nyumba ya bibi yangu ilishabomoka zamani, na kaka akaniletea ndani ya gunia vipande 11 vya ukuta wake. Tuliviloweka kwenye pipa wiki mbili tukibadilisha maji, chokaa ya zamani itoke, kisha binti akavipanga kwenye tangi akiacha mapango na vichochoro.

Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye taa, pampu ndogo ya kuzungusha maji, pampu ya hewa ya kutumia betri kwa siku umeme ukikatika, hita, na vitone vya kupimia amonia. Kipimo cha chumvi hatukununua. Jirani yetu muuza maziwa ana laktomita, ile anayotumia kujua kama maziwa yametiwa maji, na uzito wa maziwa halisi unakaribiana sana na uzito wa maji ya bahari. Tuliizamisha kwenye jagi la maji ya Tanga, ikasimama karibu na 25. Mume wangu akatia alama ya rangi ya kucha pale iliposimama. Tukawa na bahari yetu na kipimo chake.

Kisha tukasubiri, na kusubiri ndiko kulikotushinda wengi wetu. Tangi jipya haliwekwi samaki. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake mwenyewe, hadi wazaliwe bakteria wa kuigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wa kuigeuza nitraiti kuwa nitrati, ambayo inavumilika. Kazi hiyo kwa kawaida inachukua wiki nne hadi sita, na kwetu haikuharakishwa kwa fedha wala kwa maombi. Nilitia dagaa mmoja aoze ili bakteria wapate chakula. Wageni walikuja kutazama bahari wakakuta mawe, maji na dagaa aliyeoza. Shikamoo, marahaba, wanakaa, wanatazama, wanaaga. Mume wangu alisikia maneno sokoni na hakuniambia ni yapi.

Binti hakuwahi kuchoka. Alikuwa ameshachagua samaki wake, yule wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe wa kwenye filamu ya *Finding Nemo* ya 2003, na nikalazimika kumweleza kwamba yule si wa kwetu. Anaishi mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Wa pwani yetu mmoja ana mistari miwili, mwili wa kahawia iliyoiva na mkia mweupe, mwingine ni wa rangi ya chungwa iliyopauka, na mstari mweupe mgongoni tu. Wote huzaliwa madume, na aliye mkubwa katika kundi ndiye hugeuka jike. Bibi yake alisikiliza hilo akiwa anapeta uwele, akaomba nirudie.

Wiki ya nne, alfajiri, binti alipiga kelele. Kwenye kioo, upande wa dirisha, kulikuwa na konokono. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, anatambaa juu ya utando wa kahawia uliokuwa umeota. Hatukumnunua wala kumleta kwa kujua. Alikuja kama yai au kichanga ndani ya maji, akapita Segera na Dodoma ndani ya dumu, akakua. Binti alitafuta kalamu, akawa anatia alama kwenye kioo kila asubuhi pale alipomkuta. Ndani ya siku tisa kioo chetu kilikuwa na njia ya nukta tisa. Baada ya fedha yote ile na madumu yote yale, mwamba wetu wa bahari ulikuwa ni yule mmoja, na mimi niliridhika naye kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku ya kumi nilisafiri kwenda kumuuguza shangazi Manyoni. Nilimwachia shemeji, mdogo wa mume wangu, kazi ya tangi, kwa kuwa mume wangu alikuwa shambani kwenye vitunguu. Nilimwambia, "Shemeji, maji yakishuka chini ya mstari huu, ongeza maji ya mvua ya kwenye pipa." Hakuniuliza kwa nini, nami sikumweleza kwa nini, na kosa lote limelala hapo. Chumvi haikauki, kinachokauka ni maji matupu, na ndiyo maana unarudisha maji matupu. Lakini mtu ambaye hakuambiwa hilo atawaza kama mtu yeyote mwenye akili: maji haya ni ya chumvi, yamepungua, nitie ya mvua niyaharibu?

Naye siku hiyo alikuwa na safari ya mjini. Singida mjini kuna Ziwa Singidani, na mwenzake Kindai, na kila aliyekulia huku anajua ni maziwa ya chumvi, yana heroe, na maji yake hayanyweki. Shemeji aliona bahati. Alichota nusu dumu Singidani, akalifunga kwenye bodaboda, akarudi nalo bila kudai hata hela ya mafuta. Jioni ile, mbele ya mama yake na binti yangu, alimimina taratibu, kwa heshima, kama nilivyomwonyesha kumimina.

Maji yakageuka tui.

Walinipigia simu nikiwa naosha vyombo vya mgonjwa. Nilisikia kwanza kilio cha binti, halafu sauti ya shemeji, ndogo, "Shemeji, nimeua bahari." Nilimuuliza ametia nini. Aliponijibu, nilikaa chini.

Singidani ni ziwa lisilo na njia ya kutokea. Mvua inaosha miamba na udongo wa vilima vya Singida, inaingia ziwani, na kutoka inatoka kwa jua peke yake. Yale yaliyoyeyuka yanabaki, mwaka juu ya mwaka. Kwa hiyo lina chumvi, lakini lina pia magadi, jamaa ya yale tunayolainishia maharage. Magadi yakikutana na maji ya bahari, yanakamata kalisi iliyomo na kuigandisha papo hapo kuwa chokaa. Lile tui lilikuwa chokaa. Ile ile ambayo tumbawe huitoa majini chembe kwa chembe, mwaka mzima kwa urefu wa kucha, sisi tuliiangusha yote kwa dakika moja kama vumbi lisilo na mwenyewe.

Kwenye simu nilijua la kusema, na nashukuru kwamba nililisema kwa utulivu. Yapo madumu mawili ya akiba chini ya kitanda. Mtafuteni konokono kwanza, mtieni kwenye bakuli la maji ya akiba. Zimeni pampu, chokaa itue chini. Asubuhi fyonzeni nusu ya maji kwa mpira, rudishieni ya madumu, polepole. Usiku kucha walifanya kazi wanne. Mume wangu alirudi kutoka shambani saa tatu akakuta mama yake ameshika tochi, shemeji ameingiza mkono hadi begani anapapasa kati ya mawe ya ukuta wa bibi yangu, na binti anamwelekeza, "Baba mdogo, kushoto, kwenye pango la pili." Walimpata saa tano. Alikuwa amejifunga ndani ya gamba.

Binti alikaa naye hadi alipopitiwa na usingizi mezani. Konokono alitoka kidogo siku ya pili, akatambaa upana wa kidole, akarudi ndani. Niliporudi kutoka Manyoni, siku ya nne, alikuwa tayari amekufa. Shemeji hakuja kunisalimia. Alisimama nje karibu na zizi. Nilimfuata nikamwomba radhi. Nilimwambia, mimi nilikupa amri, sikukupa sababu, na wewe ulitumia akili yako na mafuta yako. Akainama, akalia kama mtoto, na mimi pia.

Sikuwahi kufikiria kuacha, lakini nilidhani wao wataacha. Badala yake shemeji aliniuliza maswali wiki nzima: kwa nini kalisi, kwa nini gramu 35, kwa nini maji ya mvua na siyo ya kisima. Sasa yeye ndiye bwana maji. Pipa la mvua ameliandika kwa rangi nyeupe. Na alileta wazo ambalo mimi, kwa miezi yote ya hesabu, sikuliona. Lori linalopeleka vitunguu vyetu Tanga hurudi na nafasi. Vitunguu vinashuka, dumu linapanda. Dumu moja kwa mwezi linatosha kubadilisha karibu robo ya maji ya tangi, na kwa tangi lisilo na samaki hiyo inatosha kabisa. Kumbe swali la kwanza la mwenye fedha kidogo si tangi gani nitalimudu kununua. Ni maji mangapi nitayamudu kila mwezi, mwaka huu na ujao, na tangi lichaguliwe kufuata jibu hilo. Mimi nilianza na kioo.

Mwezi wa saba ulitufundisha baridi. Usiku mmoja umeme ulikatika, hita ikazima, na maji yalishuka kutoka nyuzi 25 hadi 19 kabla hatujashtuka. Mama mkwe alichemsha maji kwenye masufuria, tukayatia kwenye chupa za plastiki, tukazielesha tangini tukizibadilisha kila nusu saa, na lile blanketi lake la mwanzo likarudi kuzunguka kioo. Hakukuwa na kiumbe cha kuokoa humo zaidi ya bakteria. Tuliwaokoa hao.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje nachambua mboga. Mama mkwe ana desturi ya kufuta kioo kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, akiacha zile nukta tisa za kalamu bila kuzigusa. Nikasikia anaita, "Njooni! Jiwe limetoa upele!" Tulikimbia wote. Juu ya jiwe kubwa, lile ambalo bado lina alama ya mwiko wa fundi wa zamani, kulikuwa na doa la rangi ya waridi, dogo kama dengu, gumu. Nililijua mara moja; utotoni nililiona kwenye kila mwamba. Ni mwani, ule unaojenga kwa chokaa. Mbegu zake zilikuja kwenye maji, pengine kwenye dumu la kwanza, pengine kwenye la mwezi huu, na sasa umeanza kuchukua kalisi na kuilaza juu ya ukuta wa bibi yangu.

Shemeji alipima maji: 25. Binti alileta kalamu, akachora duara kwenye kioo mbele ya doa lile, akaandika tarehe pembeni, akamuuliza bibi yake kama linauma.

"Haliumi," alisema mama mkwe. "Linajenga."